Divai Haionjwi Nyuma ya Mkeka

Uvumi ulimwingia Modesta sikioni akiwa mtoni Bigwa anafua, nao ulikuwa mdogo kama punje ya ulezi, lakini ukakataa kutoka. Mwaisha, jirani yake, ndiye aliyeutia, tena aliutia kwa sauti ya mtu anayesifu.

"Mkweo mtarajiwa ana kipaji, jamani! Wanasema Alois akifungwa macho kwa kitambaa, akapewa divai ya Wafaransa kijiko kimoja tu, atakwambia ni ya upande gani wa Ufaransa na imelala muda gani kwenye chupa."

Modesta aliacha kupiga nguo kwenye jiwe. "Nani kasema?"

"Watu wa stesheni."

"Na wewe umeona?"

"Mimi nione wapi? Nimesikia. Lakini kipaji, shoga yangu, kipaji!"

Kipaji! Modesta alibeba nguo zake mbichi, akapanda kilima huku lile neno likimwuma kama siafu aliyeingia ndani ya kanga. Mtu huijua njia kwa kuipita. Mhunzi huujua moto kwa kuungua. Ulimi nao utaijuaje divai ya Mfaransa, na miji yake na umri wake, kama koo halijaipitisha debe kwa debe? Wengine waseme kipaji. Yeye alijua jina lake halisi, maana alikwisha kuishi nalo nyumba moja.

Marehemu mumewe, Petro, alikuwa mtu mwema akiwa na akili zake. Siku moja ya masika alialikwa kwenye pombe ng'ambo ya mto, akarudi akiimba, akaingia kwenye maji yaliyojaa kana kwamba anaingia chumbani kwake. Watu walitafuta mpaka mabondeni. Mto ulirudisha kofia tu. Kwa hiyo Modesta alizika kofia, akaililia, na tangu siku ile akaapa kwamba binti yake Scholastika hatazika kofia ya mtu.

Sasa huyu Alois. Kwa macho hakuwa na kasoro. Tangu reli ya Mjerumani ilipofika Morogoro alikuwa akifanya kazi karibu na stesheni, kwa mfanyabiashara mmoja aliyewauzia Wazungu vyakula na vinywaji. Bwana huyo alizaliwa mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, na watu walimwita Bwana Kizibo, kwa sababu mfuko wake wa koti ulikuwa umejaa vizibo vya chupa, na akizungumza huvinusa kama wengine wanavyonusa tumbaku. Alois alivaa kanzu safi. Alisalimu wakubwa kabla hajasalimiwa. Scholastika akisikia jina lake hudondosha mwiko.

Wazee wa Alois walikwisha kuleta posa, yaani kibuyu cha pombe kilichozibwa kwa jani la mgomba. Katika ukoo wa kina Modesta, mjomba ndiye mwenye kusema, lakini hasemi mpaka mama ameonja. Mama akionja pombe iliyotoka mkononi mwa mchumba, binti keshaondoka. Hata mvua inyeshe mawe, harudi nyuma. Asipoonja, kibuyu hurudi kwao na jani lake mdomoni, na posa husubiri. Modesta alikirudisha. Kaka yake Fransisko, mjomba wa Scholastika, alikasirika mpaka akakataa kisamvu.

"Dada, unangoja nini? Unangoja malaika ashuke kutoka mlima Lupanga akupe barua?"

"Nangoja kujua mkwe wangu anakunywa kiasi gani."

"Ah! Kila mwanamume anakunywa!"

"Ndiyo maana nangoja."

Mambo yangekaa hivyo, kama si mchwa. Mchwa waliingia kwenye ghala la Bwana Kizibo, wakaacha misumari, wakaacha chupa, wakala karatasi zote zilizobandikwa kwenye chupa za divai. Na Mzungu, kumbe, hunywa karatasi kwanza. Bila karatasi ya kumwambia anakunywa nini, hanunui hata kwa bei ya maji. Bwana Kizibo alinung'unika kwa lugha zake zote, kisha akamwambia Alois achukue chupa nne, akanywe na rafiki zake.

Fransisko aliposikia habari hizo, hasira juu ya dada yake zilikwisha ghafla. Naye Modesta, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mtoni, alicheka.

"Kaka, mwambie alete chupa zake hapa kwako. Jumapili. Mimi nitapika. Mle, mnywe, mlinganishe hizo divai mjue ipi ni ipi."

"Dada yangu! Umepona?"

Hakupona. Alikuwa na shauri lake. Mlevi hafichiki penye pombe, kama mbuzi asivyofichika penye mahindi. Alois atakunywa, atalewa, ataanguka, au ataimba, au atamtukana mjomba. Na Fransisko mwenyewe, kwa macho yake, ataona. Ila yeye mama hawezi kuketi pale. Mama mkwe na mkwe mume hawatazamani usoni, hawasemezani, hawali sahani moja. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Basi alihitaji macho ya kukopa, na alijua pa kuyapata.

Rehani alikuwa mtani wa ukoo wao. Watani hao, mtu asiyejua mambo angedhani ni maadui: huingia nyumbani mwako wakabeba kuku, hukutukana msibani maiti ikiwa bado haijafunikwa, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Rehani alichuuza chumvi kutoka Morogoro mpaka Matombo, na kwa kuwa alikuwa Mwislamu asiyegusa kilevi, Modesta alimwona ndiye shahidi anayefaa.

"Utaketi nao," alimwambia. "Utatazama anakunywa vipi, na utakuja jikoni kunieleza ukweli."

"Ukweli mtupu," akasema Rehani, mkono kifuani. "Na malipo yangu?"

"Mtani halipwi."

"Mtani hujilipa," akasema, akimtazama jogoo mwekundu wa Modesta kwa huruma.

Jumapili, jua likiwa bado juu ya migomba, wanaume wanne waliketi kwa Fransisko, aliyeishi ua mmoja na dada yake: mwenye nyumba, Rehani, Alois na rafiki yake Agustino, mwalimu wa dini, mtu mnene mwenye sauti ya ibada hata akiomba chumvi. Modesta na Scholastika walikuwa jikoni uani, na kati ya jikoni na sebule palitundikwa mkeka. Mkeka huo ulisukwa vema. Haukupitisha jicho, ulipitisha sauti tu.

Waliingiza wali, kuku wa mchuzi, kisamvu na ndizi za kuchemsha. Kisha ikasikika kizibo cha kwanza kinavutwa: pwaa!

"Hii nyekundu," sauti ya Alois ilisema taratibu. "Msimeze upesi. Nuseni kwanza. Izungusheni mdomoni, ipite chini ya ulimi."

Fransisko akakohoa. "Kijana, hii imeoza."

"Haijaoza, mjomba. Ina ukakasi."

"Ukakasi? Kama ninatafuna ganda la ndizi mbichi! Meno yangu yamevaa viatu!"

"Ndivyo wanavyoipenda."

"Na hawa ndio wanaotutawala!" akasema Fransisko, na kikombe kikasikika kikiwekwa chini kitupu.

Kisha Modesta akasikia sauti iliyomsimamisha nywele: "Ptu!" Mtu anatema. Tena, "Ptu!" Petro naye alikuwa akitema hivyo, akishazoea sana, akishakuwa mkongwe wa vilabu. Akamvuta Rehani aliyekuwa amekuja kuongeza mchuzi.

"Ni nani anayetema?"

"Alois."

"Anakunywa, siyo?"

"Dada, kila chupa inaanzia mdomoni mwake. Siwezi kukuficha."

"Na anatema katikati ya watu?"

"Anatema bila haya." Rehani alitikisa kichwa kama mtu wa matanga. Hakusema neno la uongo hata moja, na ndiyo hatari ya mtani. "Lakini dada, mimi sinywi. Nitajuaje hiyo kitu ni kali kiasi gani? Kama ni kali, kijana ni shujaa wa ulevi. Kama ni maji, tunamwonea bure." Akatoa nyuma ya mgongo kikombe cha bati. "Onja wewe, upime."

Scholastika alikuwa akipuliza moto. Alisema bila kugeuka: "Mama, usionje."

"Kwa nini nisionje?"

"Ya wanaume hiyo. Utaumwa kichwa."

Laiti angenyamaza! Modesta alikuwa mtu wa namna ile ambaye ukimwambia kuna nyoka, atauliza ni nyoka wa nani. "Utanifundisha wewe? Mimi niliyekuzaa?" Akakipokea kikombe, akafunga macho, akakimaliza.

Ukakasi ulimkunja uso mpaka masikioni. Lakini baada ya kukunjuka, kifua kikabaki na joto dogo, kama jiwe lililotolewa juani.

"Ni maji?" akauliza Rehani.

"Sina hakika bado," akasema Modesta.

Ikafunguliwa chupa ya pili. Kule sebuleni kelele zilibadilika zikawa za starehe. Agustino alisema, "Mwenyezi Mungu! Miaka yote padre anainua kikombe, sisi tunasema Amina tu. Kumbe nyuma ya Amina kulikuwa na hiki?"

"Ya padre ni nyeupe na tamu," akasema Alois. "Hii ni nyekundu, imekomaa. Unasikia zambarau? Zambarau za porini, zile nyeusi."

"Nasikia malaika."

"Ptu!" akafanya Alois.

"Anatema tena," akanong'ona Modesta, na mkono wake ukawa umekwisha kutangulia mbele kukipokea kikombe. Rehani alikileta kimejaa. Hiki cha pili hakikumkunja. Kiliteremka kama mtu anayeijua nyumba. Zambarau, kweli, zambarau za utotoni, za njia ya kupandia mlimani, zile ulizokula mpaka mama yako akajua ulikokuwa kwa kutazama ulimi wako. Modesta alijikuta amekaa juu ya kinu, yeye ambaye maisha yake yote amewakataza wengine kukalia kinu.

Chupa ya tatu ilikuwa nyeupe. Fransisko alisema ni asali iliyotubu. Agustino alisema hapana, ni maji ya mchaichai yaliyokwenda shule. Modesta alipewa, akaona wote wawili ni wajinga, lakini akajizuia. Ya nne ilikuwa nyekundu tena, nzito, yenye harufu ya banda la tumbaku. Kikombe cha nne hakuletewa. Rehani alipita nacho akikipeleka kwa Fransisko, na mkono ukatoka nyuma ya mkeka ukamnyang'anya.

"Haya," alisema Alois, "sasa tulinganishe. Ipi bora?"

"Ya kwanza!" akasema Fransisko. "Ile ya ganda la ndizi. Kinywaji lazima kipigane na wewe."

"Wewe mjomba unapenda kuteswa. Ya nne ndiyo bora," akasema Agustino. "Nzito. Ina mwili. Ina kiuno."

"Mwalimu wa dini anatafuta viuno kwenye chupa!" akacheka Rehani. "Mimi kwa harufu tu, naona ya tatu."

"Ya tatu ni uji wa mgonjwa!"

"Ya kwanza, nasema! Mimi ndiye mwenye nyumba!"

Na ndipo, kutoka nyuma ya mkeka, sauti ikatoka ambayo haikutakiwa kutoka kabisa:

"Hamna ndimi nyinyi! Ya pili! Ya pili ndiyo divai, hizo nyingine ni wapagazi wake!"

Sebule ikafa ganzi. Hata kuku kwenye sahani alionekana kusikiliza. Alois alijifunika uso kwa mkono wa kanzu, akageukia ukutani, kama ipasavyo mkwe aliyesikia sauti ya mama mkwe.

Fransisko alisema polepole, "Dada?"

"Naam."

"Umejuaje?"

"Nimekisia kwa harufu."

"Toka, utoe ulimi."

Modesta alitoka. Angeweza kukimbilia migombani, lakini miguu ilikuwa imekwisha kujiamulia. Akasimama katikati ya wanaume, kilemba upande, akatoa ulimi. Ulikuwa wa zambarau mpaka kooni.

Rehani alilala chini kwa kicheko, akipiga udongo kwa viganja. Modesta hakucheka. Divai ilikuwa imekwisha kufika mahali ilipokuwa ikienda tangu mwanzo, na yale aliyoyafungia moyoni yakatoka yenyewe.

"Chekeni! Chekeni tu! Mimi nilizika kofia. Mlikuwapo, mlibeba kofia kwenye machela kama mtu. Huyu mnayemsifu ana kipaji, kipaji cha nini? Nimemsikia. Anatema kama Petro alivyokuwa akitema. Mwanangu hatazika kofia! Rehani, mwulize, kwa kuwa mimi siruhusiwi kumsemesha: mwulize amekunywa kiasi gani leo, na aape!"

Rehani alijifuta machozi, akaketi. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Alois, mama anauliza."

Alois, uso ukiwa bado ukutani, alisukuma kitu kwa mguu wake. Lilikuwa karai la bati lililokaa muda wote kati ya miguu yake.

"Mwambie mama atazame."

Modesta alitazama. Ndani ya karai mlikuwa na divai, nyekundu na nyeupe zimechanganyika, povu la mate likielea juu.

"Hiyo ni yangu yote," akasema Alois. "Tangu ya kwanza mpaka ya nne. Bwana alinifundisha hivyo siku ya kwanza. Divai ikifika kutoka pwani na joto la njiani, lazima mtu aionje ajue kama imeharibika. Nikiimeza ya kwanza, ya pili itanidanganya. Ulimi uliolewa hausemi kweli. Mwambie mama kazi yangu ni ulimi. Koo silitumii. Na mwambie mto nitauvuka na macho yangu mawili."

Modesta aliinama akanusa karai. Ya pili ilikuwamo, ile ya zambarau, imemwagwa pamoja na mate kama maji ya kusukutulia. Moyo ulimwuma mara mbili: mara moja kwa kumdhania kijana vibaya, mara ya pili kwa kupotea kwa divai.

"Rehani," akasema kwa sauti ndogo, "ulijua?"

"Nilikwambia anatema, dada."

"Ulijua kuna karai!"

"Hukuniuliza anatema wapi."

Fransisko alijikohoza, akajaribu kukaa kama mjomba. "Jambo lipo. Kibuyu cha posa ulikirudisha na jani lake. Leo umekunywa kilevi kutoka mkononi mwa mchumba. Tena siyo kikombe kimoja."

"Nilikuwa napima."

"Kupima ni cha kwanza."

"Cha nne alininyang'anya," akasema Rehani.

Agustino, mwenye roho ya huruma, akaingilia. "Lakini amekunywa nyuma ya mkeka, hakuna aliyemkabidhi mbele za watu. Mama akisema haihesabiki, basi haihesabiki. Kila mtu aende kwake, yasirudiwe."

Ikawa kweli. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, na wote walimtazama Modesta waone kama atapita au hatapita. Scholastika alikuwa amesimama kando ya mkeka, mwiko mkononi. Modesta alimtazama binti yake, akakumbuka lile neno la jikoni, *usionje*, na jinsi lilivyosemwa bila kugeuka. Akajua kwamba kati ya watu wote waliomchezea siku ile, mkubwa wao alimzaa mwenyewe. Kisha akalitazama karai.

"Ya pili imebaki?"

"Imebaki kidogo," akasema Alois kwa ukuta.

"Rehani, imimine kikombeni. Mpe yeye akipitishe nyuma ya mgongo wake, mimi nisimwone, na mbele za watu wote."

Alois alikipitisha kikombe nyuma ya mgongo. Modesta alikipokea. Alikunywa funda moja dogo, akamgeukia kaka yake.

"Mama ameonja," akasema. "Sema yako."

Fransisko alisema yake, ndefu, ambayo hakuna aliyeisikia kwa sababu mwiko wa Scholastika ulikuwa umedondoka, na Rehani alikuwa uani akimkimbiza jogoo mwekundu. Mama mkwe aliyesema mbele ya mkwe lazima atoe kuku wa kufuta aibu, na kwa desturi kuku huyo ni wa mtani.

Asubuhi Modesta aliamka na kichwa kinachotwanga mahindi peke yake. Ndoa ilifungwa baada ya mavuno. Mto haukupata kofia nyingine kutoka nyumba ile. Hata hivyo hakuwaacha wenzake mtoni wakafua kwa amani. Kila mwenye binti aliyekua alimketisha kwenye jiwe, akamweleza mambo ya kuepuka, naye aliyasema makavu, hivi:

Epuka uvumi unaokuja umevaa sifa.

Epuka kumpima mkwe kwa kitu ambacho wewe mwenyewe hujapimwa nacho.

Epuka kumtuma mtani akuletee ukweli. Atauleta, lakini nusu.

Epuka kusikiliza bila kuona. Uliza anatema wapi.

Epuka kikombe unachokatazwa na binti yako bila kugeuka.

Epuka kukalia kinu.

Epuka divai ya kwanza, ina ukakasi. Na ya nne, ina kiuno.

Ya pili iepuke zaidi ya zote.

Na jogoo wako mwekundu, mfungie ndani.